Mafuta ya Mwenye Nyumba

Kilima kwenye kioo kilipaswa kulala, nacho hakikulala.

Tasiu alikuwa amejikunja ndani ya boila la kiwanda cha mafuta ya karanga, eneo la Sharada, mjini Kano. Boila lilikuwa limezimwa ili akague. Nje ilikuwa mchana wa Harmatani, ule upepo mkavu wa kutoka jangwani, vumbi limefunika jua, lakini humo ndani giza lilikuwa la usiku wa manane na mwanga wote aliokuwa nao ni taa ya kwenye kofia na kile kioo kidogo cha mashine yake.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza chuma. Mashine hutuma ndani ya chuma sauti kali mno ambayo sikio la binadamu haliipati. Sauti ikifika upande wa pili hugonga, hurudi, na kwenye kioo huchomoza kilima. Ikikutana na ufa njiani hurudi mapema, na kilima kingine hujitokeza kabla ya kile cha kwanza. Hapo ndipo Tasiu huandika kwamba chuma ni kibovu, watu wakanuna, yeye akaenda zake. Sharti ni moja tu: sauti ile haivuki hewa. Kati ya kichwa cha mashine na chuma lazima pawe pamepakwa kitu, jeli au grisi au hata maji. Pakikauka, sauti haina pa kupitia na kioo kinakuwa tambarare.

Sasa alikuwa amekiondoa kichwa cha mashine kwenye chuma, amekishika hewani, nacho kilima kimesimama vilevile. Tena kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Betri," alisema kwa sauti. Kwa mafundi wa aina yake kila kisichoeleweka ni betri.

Akazima, akawasha. Kioo kikawa tambarare. Akaendelea na kazi, na kabla ya adhuhuri akawa amepata alichokitafuta: ufa mrefu kwenye mshono wa kuchomelea, umetambaa ndani kwa ndani bila kuonekana kwa nje. Alitoka kwenye tundu la boila akiwa mweusi kwa masizi na mwenye furaha. Tasiu alikuwa hodari kweli, hilo hakuna wa kumnyang'anya, ila alikuwa mtu wa kujisikia, na ufa wa mtu mwingine ulimfurahisha kupita kiasi.

Nje alimkuta Habu, mzee aliyekuwa akililisha boila lile maganda ya karanga tangu ujana wake. Habu alikuwa ameinama, ameshika kibuyu kilichokatwa nusu, anakitazama.

"Nani ameyagusa haya?"

"Mimi, Baba. Jeli yangu iliisha nikiwa humo ndani, nikaona hapa pana mafuta ya kadanya, haya ya kupaka mwilini, yamekaa tu. Nimeazima. Yanafaa kweli, kuliko hata jeli ya dukani."

"Umepaka wapi?"

"Ndani. Kila penye mshono."

Habu akakaa juu ya rundo la maganda kama mtu aliyesukumwa.

"Mwanangu, hayo ni ya Mwenye Nyumba."

"Alhaji Gwadabe naye siku hizi anahesabu mpaka mafuta ya kupaka?"

"Alhaji ana kiwanda." Habu alitupa jicho kwenye tundu la boila, akashusha sauti hadi ikawa pumzi tupu. "Mimi nasema mwenye nyumba. Aliye humo. Tunamwekea kidogo hapa nje, aridhike, akae humohumo alimo. Chochote kikipakwa mafuta yake kinakuwa mlango wake. Mlango wake ulikuwa mmoja, huo ufa uliokuja kuutafuta. Wewe umempakia nyumba nzima."

"Basi anishukuru, nimempigia rangi bure."

"Cheka," alisema Habu. "Cheka mwanangu, ila ukifika nyumbani usimguse mtu kabla hujanawa mpaka kwenye viwiko."

Kesho yake Habu hakuja kazini. Walisema amerudi kwao, vijijini upande wa Gaya, na ameacha hata buti zake.

Alhaji Gwadabe alipoambiwa habari za ufa alitukana, akaapa, akamwita Tasiu mchawi wa viwanda, kisha akafanya anachofanya kila tajiri: akaliuza boila kwa watu wa vyuma chakavu. Tasiu alirudi siku ya kulikata ili achukue kipande chenye ufa apeleke ofisini. Wakataji waliwasha mwali wa gesi wakauelekeza palepale kwenye mshono. Mwali ulipotoboa, boila lilitoa pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya moto, yenye harufu ya karanga zilizoungua, na ikawapita wote usoni.

"Chuma hiki si kimezimwa siku zote hizi?" aliuliza mkataji mmoja.

Walifunga vitambaa puani wakaendelea.

Kile kibuyu kilikuwa bado pale chini. Mafuta yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, meupe, laini, hayana hata doa la vumbi ingawa kila kitu kingine uani kilikuwa kimevaa vumbi. Nani ameyajaza, Tasiu hakujiuliza. Alichofikiria ni ngozi ya mkewe, Zulai, jinsi Harmatani ilivyokuwa ikimpasua juu ya lile tumbo lake la miezi saba. Akayakwangua yote akayatia koponi. Boila halipo, alijiambia, mafuta yakae hapa kumlisha nani?

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mapenzi, ndiyo maana linaniuma kulisimulia.

Zulai alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imevuka pale ambapo zile ziliishia, na nyumba nzima ilikuwa ikitembea kwa vidole. Hawakununua nguo ya mtoto. Hawakutaja jina. Mama yake Zulai, Inna Talatu, alikuwa amehamia kwao na alimkataza binti yake kunyanyua hata mchi wa kutwangia. Mtoto huyu akikosekana, Zulai alikuwa amekwisha kumwambia mumewe gizani, yeye hajaribu tena, na Tasiu atafute mwanamke mwingine wa kumzalia. Tasiu hakumtaka mwanamke mwingine. Alimtaka huyu, na alimtaka huyo aliye tumboni mwake, kwa kiu ambayo hakuweza kumwambia mtu.

Zulai aliyapenda yale mafuta. Alijipaka asubuhi na jioni.

"Yana joto," alisema. "Kama yametoka jikoni sasa hivi."

Kwanza ilikuwa harufu. Inna Talatu aliingia chumbani na kuuliza nani ameunguza karanga, na hakukuwa na karanga mle ndani. Kisha Zulai akakataa uji wa fura, akakataa ugali wa tuwo, akawa anakaa barazani anamumunya funguo za mlango. Alipoulizwa alisema ladha yake nzuri. Siku nyingine Inna alimkuta ameinamia sufuria tupu, anaramba mshikio wake macho yamefumbwa, na alipomgusa bega aiache, mkono wake ulirudi umeungua kama wa aliyeshika pasi.

"Tasiu," mama mkwe alimwambia uani, kwa sauti ya chini iliyojaa sumu. "Umemletea nini mwanangu?"

"Ni homa, Inna."

"Homa inanuka chuma?"

Walimpeleka kliniki. Mkunga, mama mnene mwenye utani, aliweka pembe yake ya mbao ya kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio. "Haya bwana mdogo, nisalimie," alisema akicheka. Akasikiliza. Kicheko kikakatika. Akahamisha upande wa pili, akasikiliza tena, kisha akainuka na kufuta sikio kwa ncha ya kitambaa chake.

"Moyo upo," alisema. "Upo, namsikia mtoto. Ila nyuma yake..." Alimtazama Tasiu. "Nyumba yenu iko jirani na mafundi bati?"

"Hapana."

"Kuna kitu kinagonga."

Tasiu alimrudisha mkewe nyumbani. Alisubiri Inna Talatu aende sokoni, akafunga mlango, akatoa mashine yake ya kazi kwenye mkoba. Alijua ni upumbavu. Mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya chuma, na juu ya mwili wa mtu haionyeshi kitu cha maana, vurugu tu ya vilima vidogovidogo visivyo na mpango. Hivyo ndivyo alivyotaka kuona. Alitamani vurugu kama mtu anavyotamani maji.

"Tulia mke wangu. Ni baridi kidogo tu."

"Hakuna baridi inayonifikia," alisema Zulai. Midomo yake ilikuwa imebabuka.

Tasiu alipaka jeli ya dukani, akaweka kichwa cha mashine juu ya kitovu, akatazama kioo. Vilima vikasimama kimoja nyuma ya kingine, vyembamba, virefu, vilivyoachana sawasawa kama ngazi, vile vinavyosimama sauti inapokwenda na kurudi ndani ya bamba safi la boila, na Tasiu ambaye alikuwa ameviona maelfu ya mara katika maisha yake alisikia nywele za kisogoni zikisimama, kwa sababu chini ya mkono wake palikuwa na ngozi, palikuwa na mtu anayepumua, palikuwa na mtoto wake, na kioo kilikuwa kikimwambia chuma, chuma, chuma. Akauondoa mkono. Vilima vikabaki. Vikaanza kupanda na kushuka taratibu, na kutoka ndani ya tumbo la mkewe, kwa sauti ambayo sasa sikio lilikuwa linaipata vizuri kabisa, kitu kikabisha hodi.

Zulai alikuwa akimtazama. "Na wewe umesikia," alinong'ona. "Nilidhani nina wazimu. Tasiu, anamsukuma. Kila siku anamsukuma kando kidogo."

Inna Talatu aliporudi na kikapu chake alimkuta mkwewe amekaa sakafuni, amekumbatia kopo la mafuta, analia kama mtoto. Safari hii Tasiu alisema yote, tangu kibuyu mpaka kopo. Mama yule hakumtukana. Alifunga upya kilemba chake, akatoka kwenda mji wa kale, na kabla ya magharibi akarudi na Malam Tukur, mwalimu wa dini anayetoa majini.

Malam Tukur alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye meno mekundu kwa kutafuna njugu za kola. Alisimama kizingitini akanusa.

"Mmempeleka kliniki, mmempeleka kwa mashine, mwisho ndio mnanikumbuka," alisema. "Haya. Mume ni huyu? Wewe ndiye mwenye kuazima vitu vya watu?"

"Ndiyo, Malam."

"Ukitoka salama hapa, jifunze kununua."

Akakaa kitako pembeni ya mkeka aliolazwa Zulai, akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesoma kila siku. Umeme ukakatika. Hakuna aliyeshangaa, umeme wa mtaa ule ulikuwa na desturi zake, lakini joto lilipanda chumbani hadi Inna Talatu akafungua dirisha, na vumbi la nje likagoma kuingia, likabaki linazunguka palepale dirishani. Kisha tumbo la Zulai likasema. Kinywa chake kilikuwa kimefumbwa, machozi yanamtiririka, na sauti ikatoka chini ya ngozi, nzito, yenye mwangwi, kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya tangi.

"Nilibishiwa hodi."

"Na nani?" aliuliza Malam.

"Na huyo. Alibisha, akabisha, akabisha, kuliko mvua inavyobisha juu ya bati. Akanipakia milango. Nilipofungua, akaileta mioto akaikata nyumba yangu."

"Rudi ulikotoka."

"Nilikotoka pameyeyushwa. Hapa pana joto. Pana mpangaji mdogo, lakini si wa kunisumbua. Akitoka yeye, nitatoka naye nimemvaa."

Inna Talatu akatoa sauti ambayo si neno. Malam alisoma kwa nguvu zaidi, akapuliza, akasoma, jasho likamlowesha kofia, na jini likacheka kicheko cha mabati yanayoanguka. Mwishowe Malam alimgeukia Tasiu na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ubishi.

"Haliondoki kwenda hewani. Hewani haliwezi. Linataka chuma. Una chuma chochote, safi, kisicho na mlango?"

Tasiu alikuwa nacho. Kila fundi wa kazi yake huwa na kipande cha chuma cha kupimia, kizito kama tofali, kilichong'arishwa, ambacho kabla ya kazi hujaribishia mashine yake kwa sababu anajua hakina ufa hata wa unene wa unywele. Alikitoa mkobani. Malam akachota mafuta kwenye kopo kwa ncha ya kijiti, akapaka tumbo, akapaka uso mmoja wa kile chuma, akakiweka juu ya tumbo taratibu.

"Ukikishika, shika kwa kitambaa kikavu," alimwambia Tasiu. "Nikimaliza tunakizika mchangani, mahali pasipofika maji."

Akasoma. Zulai akapiga yowe moja refu, mgongo wake ukainuka kwenye mkeka, na chuma kikaanza kulia. Tasiu aliona rangi ikirudi usoni kwa mkewe, akaona tumbo likilegea, likawa tumbo la mwanamke mjamzito na kitu kidogo, laini, kikajigeuza ndani yake kwa uhuru kama kilichokuwa kimebanwa muda mrefu, na moyo wake ukaruka kwa furaha.

"Padogo," ilisema sauti, sasa ikitoka chumani. "Nyumba ya panya hii."

Na ikarudi. Tasiu aliliona jini likirudi: tumbo likakaza, kitu kile kidogo kikasukumwa kando, Zulai akalia. Malam akasoma, likaenda. Likafika mwisho wa chuma, likarudi. Likaenda, likarudi, kila mara kwa kasi zaidi, na kila liliporudi Zulai alilia kwa sauti ndogo zaidi, na Inna Talatu alikuwa ameshika miguu ya mwanawe anapiga kelele kwamba kuna damu, jamani, damu inatoka, na Malam alikuwa amefumba macho anasoma huku sauti ikimkwama. Hapo Tasiu akaelewa, kwa sababu ilikuwa kazi yake kuelewa. Linarudi kwa sababu upande wa pili ni mkavu. Sauti yoyote ikifika mwisho wa chuma ikakuta hewa, hugeuka. Ukitaka isigeuke, unapaka mafuta upande wa pili, unaweka kitu hapo, nayo inapita moja kwa moja, hairudi.

Alitazama chumbani atafute chuma kingine. Kilichokuwepo ni kitanda cha mbao, mkeka na watu.

Alitupa kitambaa. Akachovya mkono wake wa kulia koponi hadi kwenye kifundo.

"Wewe!" Malam alifumbua macho. "Usiguse!"

Tasiu akaweka kiganja juu ya chuma, akakandamiza.

Walichosikia wengine ni mlio mfupi, kama msumari uliogongwa mara moja. Chuma kikapoa. Zulai akavuta pumzi, akajishika tumbo, akasema, "Ameondoka. Inna, ameondoka. Mwanangu anacheza." Damu ikakoma. Malam Tukur hakuwatazama wanawake. Alikuwa akimtazama Tasiu, aliyekuwa ameubana mkono kifuani, jasho halimtoki hata tone.

"Kijana," alisema Malam kwa sauti ya chini. "Limekwenda wapi?"

"Chumani," alisema Tasiu. "Kizikeni kama ulivyosema."

Malam alimsogelea. Kisha akamnong'oneza, Inna asisikie. "Nikilitoa kwako litamrudia mkeo, maana bado njia anayo, mpaka ajifungue na mafuta yamwishe mwilini. Na baada ya hapo likiwa limezoea, sijui kama nitaliweza. Umeelewa ulichokifanya?"

"Nimeelewa."

"Basi usimguse mtu kwa mkono uliolowa. Jasho, maji, machozi, lolote. Umesikia? Mtu yeyote."

Mtoto alizaliwa Harmatani ilipokwisha, wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya saba kondoo akachinjwa, jina likatangazwa, wakamwita Nura. Joto lilikuwa limeanza, lile la Kano la kabla ya mvua, linalowafanya hata waliokaa kivulini waloe. Wazee waliomzunguka Tasiu waliona kwamba hamtazami mwanawe, hamchukui, na kila mtoto alipoletwa karibu yeye alikunja mikono ndani ya riga lake, kanzu pana, na kugeukia pembeni. Wakampenda kwa hilo. Mzaliwa wa kwanza, baba mwenye haya zake hamshiki mbele za watu, na vijana wa siku hizi wamesahau.

"Umelelewa," mzee mmoja alimwambia. "Wengine wanawabusu hadharani kama hawana wazazi."

"Ahsante, Baba," alisema Tasiu.

Wageni waliondoka. Inna Talatu akaenda kulala. Zulai aliingia chumbani na mtoto, akasukuma mlango kwa mguu, akatabasamu, mzuri kuliko siku aliyomwoa.

"Haya, watu wamekwenda. Haya zako ziweke pembeni. Mshike mwanao."

Tasiu alifuta viganja kwenye riga. Akavifuta tena. Vikalowa palepale, kwa hofu au kwa joto, hakujua.

"Kesho," alisema.

"Kesho nini? Siku zote hizi hujamgusa hata kidole. Tasiu, nisubiri nani aniambie kwamba humpendi?" Machozi yalikuwa yameanza kumlenga. Akapiga hatua mbele, akamnyoosha mtoto kwake. "Mshike."

Nura alikuwa ametoka kunyonya. Mashavu yake yalikuwa yameloa maziwa, na vidole vyake vidogo, vilivyoloa vilevile, vilikuwa vikichezacheza hewani vikitafuta pa kushika. Tasiu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Humo kifuani, chini ya mbavu zake, Mwenye Nyumba alikuwa ameamka na anabisha hodi, kwa upole, kama mgeni anayejua kwamba atafunguliwa.